Mahame na Mwenye Kurejea: Nani Anayeona Mabadiliko ya Pwani katika Al-Inkishafi na Admiring Silence?

Ikisiri

Makala hii inachunguza mtazamo katika kazi mbili zinazosawiri mahali pa pwani palipopendwa na kisha pakabadilika: utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na riwaya ya Admiring Silence ya Abdulrazak Gurnah. Ni rahisi kuzisoma kazi hizi kana kwamba zina jicho moja, jicho la aombolezaye kilichopotea. Makala inadai kwamba ya kwanza ni sauti ya aliyebaki na ya pili ni sauti ya aliyerudi, na kwamba tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika sarufi: kiambishi hu- cha mazoea, hali timilifu, viambishi vya mahali na neno kwetu.

Utangulizi

William Hichens alipoichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939 aliipa anwani ndogo ya Kiingereza yenye maana ya kuamka kwa roho. Miaka 38 baadaye James de Vere Allen, katika toleo lake la 1977, akaiita katekisimu ya nafsi. Katika anwani zote mbili Pate haimo. Msomaji anayeanzia jaladani huingia katika utenzi akiwa ameshaambiwa kwamba magofu atakayoyakuta humo ni mfano wa kitu kingine, na kwamba kazi yake ni kuyapita haraka ili aifikie roho.

Usomaji huo si wa makosa. Nafsineni wa Al-Inkishafi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonya kwa hadaa ya dunia, na anamalizia kwa moto wa Jahannamu. Asiyeona dini katika utenzi huu hajausoma. Lakini usomaji huo una gharama yake, nayo ni kwamba nyumba zinazotajwa kwa umakini mkubwa, pamoja na taa zake, vyombo vyake na kumbi zake, zinageuka kuwa pambo la mahubiri. Tasnifu nyingi za uzamili huutaja utenzi huu katika sura ya usuli, huupa aya mbili za maudhui ya kifo na kiyama, kisha huuaga hapohapo. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni la kawaida kabisa: nani anayeziangalia nyumba hizo, na amesimama wapi?

Swali hilo limepata uzito mpya tangu Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na hasa baada ya riwaya yake ya Paradise kutoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi (2022) katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Sasa kwa kuwa Gurnah anasomwa katika idara za Kiswahili, kishawishi cha kuchora mstari mmoja ulionyooka ni kikubwa: Sayyid Abdalla aliulilia mji wa Pate, Gurnah anaulilia mji wa Unguja, na baina yao kuna karne mbili za maombolezo ya pwani. Mstari huo unavutia, lakini unapuuza jambo la msingi. Sayyid Abdalla hakurudi Pate kutoka ughaibuni akaikuta imebadilika. Katika utenzi wake hakuna safari ya kurejea. Msimulizi wa Admiring Silence (1996), kwa upande wake, hana kingine isipokuwa safari hiyo.

Majina ya mahali palipoachwa

Kabla ya kazi zenyewe, inafaa kuangalia maneno ambayo Kiswahili kimejiwekea kwa ajili ya mahali pa aina hii, kwa sababu maneno hayo yana nadharia ndani yake. Gofu ni jengo: kuta zilizosimama bila kilichokuwa ndani yake. Ndiyo maana mtu aliyekonda mno huitwa gofu la mtu. Umbo lipo, nyama haipo. Ganjo ni kijiji au makazi yaliyoachwa. Mahame yametokana na kitenzi kuhama, na hapa ndipo penye jambo. Neno hili halitazami kuta. Linapaita mahali kwa kitendo cha watu walioondoka, kiasi kwamba nyumba nzima yenye paa na mlango yaweza kuwa mahame ikiwa wenyewe wamekwenda zao, na kibanda kinachovuja hakiwi mahame maadamu mna mtu anayepika ndani.

Tofauti baina ya gofu na mahame si ya kikamusi tu. Anayesema gofu anahukumu kwa jicho, na hata mpita njia anaweza kufanya hivyo. Anayesema mahame anadai kujua historia: kwamba walikuwapo watu, kwamba walihama, na kwamba msemaji ana habari zao. Neno la pili linahitaji shahidi.

Ujenzi wenyewe wa pwani unaieleza tofauti hii vizuri. Nyumba ya mawe ya Lamu, Pate au Unguja imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Nyumba hiyo ikiachwa, boriti ndizo zinazooza kwanza. Paa huanguka, mvua huingia, na kuta za matumbawe hubaki zimesimama kwa miaka mingi zikiwa wazi juu, vidaka vyake vikionekana kutoka nje. Neno la Kiarabu inkishafi lina maana ya kufunuka, kuwekwa wazi. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni kufunuka kwa haki mbele ya moyo ulioghafilika, na tafsiri hiyo inakubalika. Lakini mtunzi aliyeishi miongoni mwa nyumba zilizofunuka mapaa hakuhitaji kwenda mbali kulitafuta neno hilo.

Aliyebaki

Sababu za kuporomoka kwa Pate zinajulikana kwa jumla: ugomvi wa kiti cha Wanabahani, vita vya mara kwa mara na Lamu, na hatimaye kushindwa kwa Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, takriban mwaka 1812 au 1813. Biashara ilihamia Lamu, na baadaye nguvu ya pwani nzima ikavutwa Unguja chini ya Sayyid Said. Utenzi hauzungumzii sababu hizi. Wakosoaji wenye mwelekeo wa kihistoria huliona hilo kuwa upungufu, lakini linaelezeka. Mtu aliyebaki hahitaji kuelezwa kilichotokea. Hadhira ya kwanza ya utenzi huu, mwanzoni mwa karne ya 19, iliijua habari yote, na baadhi yao huenda walikuwa wamebeba majeraha yake.

Anachokifanya mtunzi ni kuziingia nyumba. Kwanza anazisimamisha jinsi zilivyokuwa: matajiri wanaokwenda kwa maringo wakizungukwa na watu, taa za kioo na za shaba, vyombo vya China vilivyochaguliwa. Kisha anazipitia nyumba zilezile kitu kwa kitu. Kidaka kilichowekewa sahani sasa ni kiota cha makinda. Ukumbi uliojaa sauti za watu umejaa sauti za wadudu. Mpangilio huu ni wa mtu anayekijua kila chumba na anayejua kilichokaa mahali gani. Hauonyeshi mshangao wa anayefungua mlango kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Sarufi inathibitisha. Mabadiliko yenyewe yanatajwa kwa umbo la kale la hali timilifu la lahaja za kaskazini, kama ziwele, pale ambapo Kiunguja kingesema zimekuwa. Umbo hili linalifunga tukio pamoja na matokeo yake: jambo limekwisha kutendeka na hali iliyotokana nalo ingalipo mbele ya macho. Hapo bado aliyebaki na aliyerudi wanaweza kusema sawasawa. Tofauti inajitokeza mtunzi anapowafikia wadudu wa kumbini, kwa kuwa vitenzi vyake vinachukua hu-. Wadudu huvuma, wadudu hulia. Hu- ni kiambishi cha mazoea. Hakina njeo, na hakimruhusu msemaji kuelezea alichokiona mara moja. Mtu aliyeshuka chomboni jana akaingia katika nyumba iliyoachwa, akasikia nyenje, atasema wanalia, au amewasikia wakilia. Hawezi kwa haki kusema hulia. Ili aseme hivyo lazima awe amezisikia sauti hizo jana, na juzi, na msimu uliopita. Magofu ya Al-Inkishafi yana desturi zake, na msemaji wake anazijua kwa sababu anaishi nazo.

Jambo hili linautenga utenzi huu hata na jadi ya Kiarabu ambayo mtunzi, kama mwanazuoni wa pwani, asingeshindwa kuijua. Kasida ya kale ya Kiarabu hufunguliwa kwa msafiri anayesimama penye athari za kambi ya mpendwa wake. Watu wamehama na mahema yao, kumebaki majivu na alama mchangani, naye analia kidogo kisha anaendelea na safari. Hayo ni mahame ya jangwani, na anayeyaona ni mpita njia. Sayyid Abdalla ameichukua huzuni hiyo na kuipa makazi. Nyumba yake ni ya mawe, haikubebwa na walioondoka, na yeye mwenyewe haendi popote.

Ndipo linapokuja lile swali la wapi, ambalo ndilo kiini cha utenzi na ambalo huitwa swali la balagha katika takriban kila mwongozo wa wanafunzi. Ni vyema kutahadhari na lebo hiyo. Swali la balagha ni lile lisilohitaji jibu. Hili lina jibu, na jibu linafahamika: wamo makaburini. Tena wanaoulizwa si wafalme wa dunia wasiojulikana. Miongoni mwao yumo Ali bin Nasiri, jina la baba wa mtunzi, pamoja na muwamu wake Abubakari. Hapa mwombolezaji anaita majina ya nyumbani kwao. Umbali baina ya msemaji na mahame umefutika kabisa, kwani waliohama ni wazee wake, na zamu inayofuata ni yake.

Neno moja juu ya bahari. Pate ni kisiwa, lakini katika utenzi bahari yenye uzito ni ile ya tashbihi: dunia ni bahari iliyochafuka, yenye miamba na hatari chini yake. Ufuo wenyewe, pwani ya kuvulia na kutia nanga, hauna nafasi. Aliyebaki haangalii baharini. Anayeangalia baharini ni yule anayefikiria kuondoka, au yule anayerejea na kuutafuta mji kwa macho kabla chombo hakijafika.

Aliyerudi

Admiring Silence inaanza na moyo, na hilo pekee lingetosha kumfanya msomaji wa Al-Inkishafi ainue macho. Msimulizi, asiyepewa jina, ni mwalimu mjini London mwenye asili ya Unguja, naye ameanza kupata maumivu ya moyo. Daktari Mwingereza anamthibitishia kwamba moyo wake umeharibika. Moyo ambao Sayyid Abdalla aliuonya kama rafiki mkaidi umekuwa hapa kiungo cha mwili kinachozungumziwa na mgeni. Hakuna ushahidi kwamba Gurnah alikusudia mwangwi huo, na makala hii haimsingizii. Ila mwangwi husikika kwa anayesikia, na hausikiki bure: katika kazi zote mbili moyo ndio unaolazimisha kutazama nyuma.

Msimulizi huyu anaishi na Emma, Mwingereza, na wana binti yao Amelia. Kwa miaka mingi amekuwa akimsimulia Emma na babaye, Bwana Willoughby, habari za kwao. Habari hizo anazitunga. Kwa mzee Willoughby, anayeukumbuka ufalme wa Uingereza kwa mapenzi, anatoa visa vya ukoloni vyenye kumpendeza mzee huyo; kwa Emma anaipanga upya familia yake. Wakati huohuo nyumbani kwa mama yake hajaandika lolote kuhusu Emma wala Amelia. Ukimya wa jina la riwaya una pande mbili, na kila upande unaficha mwingine.

Anaporejea baada ya takriban miaka 20 anaukuta mji umechakaa. Majengo yanabomoka, mahitaji ya kila siku ni haba, na vyoo vimeziba. Vyoo ndivyo vinavyomshughulisha kuliko vyote. Baadhi ya wasomaji wamechukizwa na sehemu hizi, wakiona kwamba mwandishi anaidhalilisha nchi yake mbele ya wageni. Lawama hiyo ingekuwa na nguvu kama mwandishi na msimulizi wangekuwa mtu mmoja. Riwaya inafanya kazi ya kuwatenganisha. Mwenye kulalamikia vyoo ni mtu ambaye kipimo chake cha zamani hakiaminiki. Kwa miongo miwili ameusanifu mji huo kwa maneno kwa ajili ya masikio ya Kiingereza, akaung'arisha hapa na kuuharibu pale kulingana na mahitaji ya jioni ile. Anaposema kwamba umebadilika, msomaji ana haki ya kuuliza: umebadilika kutoka mji upi? Ule aliouacha, au ule alioutunga?

Hapo ndipo penye kina cha riwaya hii, na ndipo ilipo tofauti kubwa na utenzi. Katika Al-Inkishafi mahali pa zamani na mahali pa sasa panashikwa na ushuhuda mmoja usiokatika. Huenda mtunzi naye ametia chumvi katika utajiri wa Pate. Jadi ya zuhudi inamruhusu kuikuza dunia ili kuanguka kwake kuwe kukubwa. Lakini hadhira yake ilikuwapo na ingeweza kumsahihisha. Msimulizi wa Gurnah hana hadhira ya namna hiyo. Emma hajaiona Unguja. Mama haijui London. Kila upande anauambia yale ambayo hauwezi kuyahakiki, na anaposafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine ushahidi wake wote unaporomoka. Kinachobomoka katika sura za kurejea si nyumba za mji peke yake.

Wenyeji, kwa upande wao, hawaombolezi. Wana shida zao na wanazilalamikia, lakini wanazilalamikia kama watu wanaozijua ratiba za shida hizo. Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza na haina hu-. Hata hivyo, ukisikiliza mazungumzo ya wenyeji kwa sikio la Kiswahili, utaisikia hu- ikipita chini yake: wanajua kipi hupatikana, kwa nani, na kwa njia gani. Mgeni wao ana -me- tu. Kimeharibika, kimeziba, kimeanguka. Orodha yake ni ya kweli na ni ya mtu ambaye hajalala hapo vya kutosha.

Kuna hatari ya kuifanya hoja hii kuwa nyepesi: aliyebaki anaona, aliyerudi haoni. Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001), inaizuia hatari hiyo. Humo anayerudi ni mfu. Babu anatoka ahera kumtembelea mjukuu wake K, mkubwa aliyeneemeka, na kumzungusha aone hali ya nchi anayoishi. K hakuhama popote. Amekuwapo siku zote, na hakuona kitu. Kwa hiyo kubaki peke yake hakumpi mtu macho. Starehe inaweza kumhamisha mtu akiwa amekaa sebuleni kwake. Kinachofaa kuzingatiwa ni kwamba hata Said Ahmed Mohamed, alipomhitaji mrejeaji mwenye haki ya kuhukumu, hakumleta kutoka Ulaya. Alimtoa kaburini, yaani miongoni mwa wale ambao Al-Inkishafi iliwaulizia.

Pale, kule, mle, kwetu

Kiingereza kinamwezesha msimulizi wa Gurnah kujificha. Neno moja la Kiingereza linatosha kwa mahali popote palipo mbali naye, na mwandishi anapolitumia halazimiki kusema zaidi. Mfasiri ambaye siku moja ataileta riwaya hii katika Kiswahili hatapata nafuu hiyo. Kila mara itambidi achague: pale, penye mipaka na panapojulikana, kule, eneo lisilobainishwa, la mbali kimwili au kihisia, au mle, ndani. Msimulizi akiwa London, kisiwa chake ni kule. Je, akifika kinakuwa hapa mara moja, au kinabaki kule miguuni mwake? Na nyumba ya mama yake, anapoizungumzia akiwa ugenini, ni pale au ni mle? Uteuzi huo si wa mapambo. Ni ufafanuzi wa riwaya, na mfasiri atakuwa mhakiki wake wa kwanza wa Kiswahili apende asipende.

Mzito kuliko yote ni uteuzi wa kwetu. Kiswahili kinatofautisha kwangu na kwetu kwa namna ambayo Kiingereza hakiwezi. Kwangu ni ninapokaa, nyumba niliyopanga au kujenga. Kwetu ni nilikotoka, na umiliki wake ni wa wingi. Mtu anaweza kuwa na kwangu akiwa peke yake ulimwenguni. Hawezi kuwa na kwetu peke yake. Lazima wawepo wengine ambao nao wanapaita hivyo na ambao wanakubali kwamba wingi ule unamhusu na yeye.

Msiba wa Admiring Silence unaweza kusimuliwa upya kwa maneno haya mawili. Familia inampokea mgeni ndani ya wingi wao, na uthibitisho wa mapokezi hayo ni posa: mama na jamaa wamekwisha kumtafutia mke. Kwa mtazamo wao hiyo ndiyo maana ya kurudi kwetu. Inambidi sasa aitaje siri ya Emma, na kuitaja ni kujitoa katika wingi huo. Anarudi London, ambako alidhani ana kwangu, na Emma anamwacha. Mji uliobadilika ulikuwa unaweza kuvumilika. Mtu akiondolewa katika kiwakilishi hana fundi wa kumwita.

Nafsineni wa Al-Inkishafi hakukabiliwa na jambo hili hata mara moja. Kwao ni kwao, pamoja na popo na makinda. Anachokihofia ni kwamba moyo wake utasahau kwamba naye ataondoka. Kwa hiyo tofauti baina ya kazi hizi mbili si ya dini na dunia, kama inavyodhaniwa. Gurnah ana maswali ya kiroho zaidi kuliko anavyosifiwa, na Sayyid Abdalla ana vyombo vya nyumbani vingi kuliko mhubiri wa kawaida. Tofauti ni ya nani amejumuishwa katika uharibifu anaoueleza. Mmoja anasema tumekwisha. Mwingine anasema mmeharibika, kisha anagundua kwamba hakuna anayemsikiliza kama mmoja wao.

Taa zilizowashwa upya

Pate yenyewe haikuwahi kuwa mahame kamili. Kijiji kipo hadi leo, na wakulima hupanda tumbaku baina ya kuta za mji wa kale. Wanaopanda humo hawaonekani katika maandishi mengi ya wageni kuhusu magofu hayo, isipokuwa kama rangi ya mandhari. Jicho la aliyerudi, au la mtalii ambaye hakuwahi kuondoka kwa kuwa hakuwahi kuwapo, hupenda gofu tupu.

Katika miji jirani mabadiliko yamechukua mwelekeo ambao si utenzi wala riwaya iliyouona. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kuporomoka hakukukoma: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Lakini anayerejea siku hizi, akipita katika vichochoro alivyochezea utotoni, mara nyingi hakuti kuta zilizofunuka. Anakuta zimetiwa chokaa, milango imepigwa mafuta, vidaka vimewekewa tena sahani za China. Nyumba imekuwa hoteli. Taa zinawaka usiku kucha. Mwenye nyumba amehamia ng'ambo, mitaa ya nje ya mji, ambako kodi inalipika.

Kwa kigezo cha gofu, nyumba hiyo imeokolewa, na ripoti za uhifadhi zitasema hivyo, tena kwa haki, kwani boriti mpya ni bora kuliko boriti iliyooza. Kwa kigezo cha mahame mambo ni mengine. Neno hilo, kama ilivyoonyeshwa, halikuwahi kuuliza habari za kuta. Mwanafunzi anayeandika leo kuhusu taswira ya pwani, akiwa na Tenzi Tatu za Kale (1999) ya Mulokozi upande mmoja wa meza na riwaya za Gurnah upande wa pili, ana nyumba ya tatu ya kuingia, ambayo Sayyid Abdalla angeitambua kila chombo chake. Angeziona taa na sahani mahali pake, kisha angeuliza, kwa majina, wako wapi.